Majina ya Chuma Nyumbani Kwetu

Mimi si mtu wa kushangazwa. Darasa la nne sikumaliza, lakini nina nyumba tatu Dodoma, na mageti yangu yamesimama kuanzia Miyuji hadi kule wanakojenga wakubwa. Nimeona bei ya nondo ikipanda kabla sijamaliza chai niliyoagiza nikiingia dukani. Nimeona mteja akinililia nimpunguzie geti, na kesho yake akapita na gari jipya akinipungia mkono. Chochote ukinionyesha nitakutajia bei yake. Kwa hiyo nilikuwa na msemo wangu, na mtaa mzima ni shahidi: duniani hakuna jambo linaloweza kunishangaza tena. Niliusema kwa sauti, ili na wa ng'ambo ya barabara asikie.

Siku hizi siusemi.

Nianze na chuma, maana bila chuma mimi sina la kusimulia. Nilizaliwa Busi, kule Kondoa, pembeni ya banda la mhunzi. Baba yangu alikuwa mfua majembe. Kabla ya kuoa alikuwa kijana wa kambi ya barabara, enzi za Waingereza, wakati barabara ya kwenda kaskazini ikichongwa kwa sururu na jasho la watu. Kazi yake ilikuwa kunoa sururu za wenzake kwenye foji, tanuri la mhunzi wa kambi, chini ya Mwingereza mmoja mnene ambaye, kwa maneno ya baba, alikuwa hasemi, anaita. Anataja kifaa, anakinga mkono bila kugeuka, na kifaa kinatakiwa kitue kiganjani hapo hapo. Ukichelewa, teke. Baba hakujifunza Kiingereza cha kumsalimu mtu wala cha kuomba maji. Alijifunza majina ya vyuma tu, na aliyajifunza kwa makalio.

Aliporudi Busi akarudi nayo. Nyundo kubwa ya mikono miwili iliitwa hama. Tindo ya kukatia chuma iliitwa chizeli. Tupa ikawa faili, koleo ikawa tongi, chuma cha kutobolea kikawa panchi, na kile kipande cha reli alichokifanya fuawe kiliitwa anvili, na ole wako ukikiita kwa jina jingine. Mivukuto peke yake ilibaki mivukuto, kwa sababu yule Mzungu alikuwa na feni ya kuzungusha kwa mkono, hakuwahi kuitaja.

Na baba naye, alipopata banda lake, akawa hasemi, anaita. Mtu wake wa kumpa vifaa alikuwa mama. Mkono wa kulia wa mama ulikuwa kwenye mivukuto, unapandisha na kushusha, hauruhusiwi kupumzika moto usije ukafa. Wa kushoto ndio uliokuwa ukitoa. Sisi watoto tulichapwa tukimpa mtu kitu kwa mkono wa kushoto, ni utovu wa adabu unaojulikana, lakini ndani ya banda hiyo ilikuwa sheria. "Faili." Mkono wa baba unakwenda nyuma, kiganja juu, na faili imeshatua. "Panchi." Imeshatua. Baba hakumpiga mama teke hata siku moja, hilo nalisema kwa haki yake. Yeye akishapokea alisema, "Haya." Basi. Nadhani hayo ndiyo yalikuwa mapenzi yao, mimi sikuona mengine.

Nilikua nikiamini kuwa yale ni maneno ya Kirangi, lugha yetu ya nyumbani. Nilipokuja mjini nikiwa kijana nikaingia karakana moja kuomba kazi, fundi mkuu akamwambia mtu, "Lete hama." Nikamwamkia kwa Kirangi, kwa heshima zote, nikijua nimepata mjomba ugenini. Mtu mwenyewe alikuwa wa Tanga. Walinicheka hadi nikazoea, wakaniita Mpwa. Lakini kazi nilipata.

Leo majina mengine yameshika mji: weldi, grainda, disiki, skwea paipu. Kijana wa kwangu ukimwambia akuletee tindo anakutazama kana kwamba umemtuma ngao na mkuki. Na mimi ndiye niliyewalea hivyo. Grainda inakata kila kitu, ya nini kujichosha? Msumeno wa chuma ulivunjika, sikununua mwingine. Tindo sikuwahi kuwa nayo karakanani kwangu. Nilijivunia hilo. Mteja akiingia nilimwambia, hapa hakuna kazi ya kugongagonga, hapa ni umeme.

Baba alipofariki nilimleta mama Miyuji. Alikuja na mfuko mmoja wa nguo, msala wake, na sanduku la mbao ambalo lilivunja mgongo wa mpagazi pale stendi. Nikalifungua. Vyuma vya baba vyote, kasoro anvili.

"Mama, vitu hivi tukaviuze kwa kilo, wanunuzi wa chakavu wapo hapo tu."

"Na mimi utaniuza kwa kilo?"

Sanduku likaingia chini ya kitanda, upande wa kichwani.

Chumba nilichompa ndicho kilichokuwa bora kuliko vyote, au hivyo nilivyofikiri. Kilikuwa stoo ya mashine zangu. Mlango ni bamba la chuma ambalo vijana wanne waliliinua wakipokezana kulalamika. Dirishani nondo zimepita wima na mlalo, kila zinapokutana nimepiga weldi. Hata juu ya dari nilisuka nondo, kwa sababu wezi wa siku hizi hufunua bati wakashuka kama popo. Mama yeye alikuwa amezoea Busi, ambako usiku mlango huegemezwa gogo. Mjini akawa halali, anasema anasikia nyayo. Basi nikamtengenezea makomeo matatu kwa ndani, kila moja nene kama kidole gumba changu, yanateleza kwa grisi hata mtoto anayavuta.

Nilimwita jirani aje ayaone. Jirani yangu huyu ana duka la vifaa, ni mtu wa mjini kwa asili. Mababu zake walikuja na misafara ya pembe, wakachoka hapa hapa, wakaoa. Ulimi wake hauna likizo.

"Mlango huu hata tembo haingii," nikamwambia.

"Tembo Miyuji atafuata nini, bwana? Na mwenyewe aliye ndani akitaka kutoka?"

"Atafungua. Ana mikono."

Aliyavuta makomeo yote matatu kuyajaribu, akarudi dukani kwake. Mimi nikajua nimeshinda.

Siku yenyewe ilikuwa ya jua la kabla ya mvua, lile linaloifanya ardhi ya Dodoma iwe nyeupe ukaitazama kwa kukunja uso. Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi. Jenereta yangu ilikuwa Mtera na vijana wangu wote, tulikuwa na kazi ya kumchomelea mfanyabiashara wa samaki vichanja vya kukaushia. Mimi nilikuwa duka la vyuma nikibishana bei. Mke wangu akapiga simu.

"Mama alijifungia kuswali adhuhuri. Mpaka sasa hajatoka. Nagonga haitikii."

"Amelala."

"Sijawahi kumwona akilala na msala haujakunjwa. Nimechungulia dirishani. Njoo, baba watoto. Njoo sasa hivi."

Nilipofika nikaenda moja kwa moja dirishani. Mama alikuwa sakafuni, kati ya kitanda na ukuta wa mlangoni, msala umekunjamana chini ya magoti. Macho yalikuwa wazi. Upande wa kulia wa uso wake ulikuwa umeshuka kama nguo iliyotoka kwenye kamba, na mkono wa kulia uko chini yake, umekunjika, hauna habari. Alinitazama. Mimi mwanawe, niliyemjengea. Alinitazama kama unavyomtazama mtu anayepita barabarani.

"Mama, ni mimi. Vuta komeo, mama. Anza na la chini, liko hapo karibu na wewe."

Hakuna kitu. Nikasema tena kwa Kirangi. Nikamwambia asiogope, nikamwambia niko hapa. Macho yalikuwa kwangu lakini maneno yalikuwa yakianguka nje ya masikio yake, nayaona yanaanguka. Mwishowe nikafanya jambo ambalo mtoto hafanyi kwetu: nikamwita kwa jina lake la usichana, lile walilomwita mama yake na shangazi zake. Nikalisema kwa sauti mbele ya mke wangu. Hakuna kitu.

Nikaurukia mlango kwa bega. Najua mlango ule una uzito gani, nilitoa mimi hela ya kununua bamba lake. Bado niliupiga bega mpaka mkono ukafa ganzi.

Jirani alikuja na mtaimbo, akaanza kuupiga ukuta pembeni ya fremu. Zege niliyojaza mle ilikuwa nzuri, ilikuwa inatoa cheche. Pigo la tatu au la nne mke wangu akapiga kelele kutoka dirishani: plasta ya ndani ilikuwa inamdondokea mama usoni, vipande vizima, naye hajui kujikinga. Jirani akatupa mtaimbo chini. Akapanda juu, akafunua mabati mawili, nikamsikia anavunja dari.

"Bwana," akasema kutoka juu, kwa upole, "huku nako umefunga. Ulikuwa unamzuia nani, malaika?"

Zimamoto tuliwapigia, walikuwa kwenye ajali upande mwingine wa mji, wakasema wakimaliza wanakuja. Nikampigia fundi mwenzangu wa Chang'ombe ambaye ana jenereta ndogo.

"Si wewe uliyesema jenereta yangu ni ya kuwashia taa za Krismasi?"

"Mama yangu anakufa ndani ya chumba changu."

"Naipakia kwenye bajaji. Lakini nipo mbali, ndugu yangu, nakuja kutoka kazini huku nje ya mji."

Sasa nikawa sina mtu mwingine wa kumpigia. Mke wangu alikuwa amefunga kitambaa kwenye fito, anakichovya kwenye maji, anapitisha katikati ya nondo akimlowesha mama midomo. Maji yalikuwa yanatokea upande ule ulioshuka. Nikakaa chini ukutani, kwenye kivuli kidogo cha dirisha, nikauangalia mkono wangu. Mkono huu nimeusifia mbele za watu. Nikawaza, nimetengeneza kitu ambacho hakina kosa hata moja, na ndani yake yumo mama.

Niliposimama tena ndipo nilipoliona sanduku. Lilikuwa limechomoza kona moja chini ya kitanda, kifuniko chake kilishang'oka zamani, lipo ubavuni mwa mama, upande wa kushoto. Mle ndani ilikuwamo tindo ya baba, aliyoifua kwa ekseli ya lori, akaipika na kuipoza kwenye mafuta mpaka ikawa inakata chuma kama muwa. Kitu pekee katika mtaa ule ambacho kingeweza kuzikata weldi zangu za dirishani bila umeme; hata jirani dukani kwake aliacha kuuza tindo na misumeno ya chuma tangu sisi mafundi tuhamie grainda. Nikaanza upya kama mwendawazimu.

"Mama, sanduku. Sanduku la baba. Ingiza mkono, mama. Kuna chuma, nipe. Nipe chuma."

Alifumba macho. Nilidhani ndiyo basi. Mke wangu akaanza kusoma dua, kwa sauti ya chini, na nikajua ni dua gani, na sikumkataza.

Nikaegemeza paji la uso kwenye nondo. Zilikuwa za moto. Nikaupitisha mkono ndani mpaka begani, si kwa kukusudia lolote, nilitaka tu kumfikia, na haikuwezekana, zilibaki kama hatua mbili. Mkono ukabaki unaning'inia ndani, kiganja kimegeuka juu. Uso nimeugeuzia ua, sitaki kuona. Na mdomo wangu ukasema wenyewe, kwa sauti ambayo si yangu, fupi, kavu, ya mtu asiyegeuka:

"Chizeli."

Mke wangu akakatiza dua. "Amefungua macho."

Nikageuka. Mkono wa kushoto wa mama ulikuwa unatembea. Haukuwa mkono wa mgonjwa. Uliingia kwenye sanduku bila yeye kulitazama, ukapapasa, ukatoka na chuma. Ilikuwa panchi. Baba hakuwa akimkemea akikosea, alikuwa anangoja tu. Basi nami nikangoja, mkono umekingwa vile vile. Akakiangalia alichoshika. Akakiweka chini, taratibu, mahali pake, kama mtu mwenye kazi. Mkono ukarudi sandukuni. Ukatoka na chizeli.

Akanyoosha kunipa. Hakunifikia. Chuma kikaanguka sakafuni, kikabingirika kidogo, kikasimama. Mke wangu alikuwa ameshakunja waya ncha kama ndoano. Nikakivuta, kikaanguka, nikakivuta tena, mpaka kikafika chini ya dirisha na nikakitoa.

"Haya," nikasema.

Upande mmoja wa mdomo wa mama ulisogea.

Jirani alikuwa ameshakimbilia dukani kwake akarudi na nyundo mpya, karatasi ya bei bado imebandikwa mpinini. Nikapiga weldi za nondo pale dirishani. Nimeishi na chuma tangu nazaliwa, sijapata kukichukia kama siku ile. Weldi zangu zilikataa. Chizeli inazama, inaacha alama, weldi imekaa. Jasho likaniingia machoni. Jirani akanipokea, nikampokea. Niliwahi kumwambia mteja kwamba weldi yangu ikiachia anirudishie mlango, nitamtengenezea mwingine bure. Sasa nilikuwa naiomba iachie, naiomba kwa sauti, kama unavyomwomba mtu.

Kwenye kona ya chini ikaachia moja kwa pigo moja, ta. Ya pembeni yake nayo, ta. Nikaitazama: weldi ya kubandika, imepakwa juu tu, ndani tupu. Niliijua kazi ile. Ilikuwa ya kijana mmoja niliyemfukuza kazi kwa sababu ya weldi kama hizo, nikamtangaza mtaa mzima kuwa hajui kitu. Alikuwa amechomelea safu nzima ya chini. Nilizifumua zote, moja baada ya nyingine, na kila iliyoachia nilimshukuru kwa jina lake. Nondo tukazipinda kwa mtaimbo, nikajipenyeza, zikanichana mgongo. Makomeo yaliteleza kama nilivyoyatia grisi.

Nilipomnyanyua mama hakuwa na uzito. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umekingwa, unangoja aambiwe kitu kingine.

Bajaji ya fundi wa Chang'ombe ilikuwa inaingia getini. Akashusha jenereta chini, tukampakia mama mahali pake. Hakusema neno kuhusu Krismasi, na mimi nikashindwa kusema ahsante. Niliisema baadaye, kwa simu, usoni nisingeweza.

Mama hakufa. Watu husikia hapo wakasema alhamdulillah, na mimi huitikia. Lakini Kiswahili kimeondoka, na Kirangi kimeondoka, na jina langu limeondoka. Daktari alisema huenda mengine yakarudi, tusichoke kumsemesha. Tunamsemesha. Mke wangu humweleza bei za sokoni, wajukuu humsomea masomo yao. Anawatazama kwa adabu, kama mgeni asiyeijua lugha ya wenyeji.

Mimi huingia alasiri nikitoka karakana. Mlango nimeung'oa pamoja na fremu yake, dirishani nimeweka wavu wa mbu tu. Jirani alipouliza mwizi akija itakuwaje, nikamwambia apite, amjulie hali mama. Nikishakaa, mama huukunjua mkono wa kushoto kwenye shuka, akanitazama, akangoja. Sanduku liko kitandani pembeni yake. Nami nageuza uso ukutani, nakinga mkono nyuma, kiganja juu.

"Faili."

Nasikia vyuma vinagongana. Siku nyingine ni faili. Siku nyingine ni tongi, au hakuna kitu, nakaa na mkono wangu nyuma mpaka unauma. Nikigeuka nijitambulishe, niseme mama ni mimi, mkono unajikunja na macho yanaondoka. Kwa hiyo sigeuki. Natumai ananidhania baba. Hakuna mwingine ambaye ningetaka anidhanie.

Wateja bado huja kuuliza mlango wenye makomeo ya ndani. Nawaambia sitengenezi. Wanakwenda kwa mwingine, na mwenyewe najua ni nani, ni yule kijana niliyemfukuza, sasa ana banda lake. Wakiondoka huwa naachwa na mazoea yangu mabaya ya kutaja bei ya kila kitu. Basi nayo bei ya siku ile niliitaja, mara moja tu, ili nisiitaje tena: hospitali na dawa, bajaji ya kwenda na gari la kurudi, mtu wa kumnyoosha viungo, nyundo ya jirani, na pazia la kitenge lililo mlangoni kwa mama, shilingi milioni mbili, laki nne, elfu kumi na saba na mia tano.